Veronika wa Kituo cha Sita

Leo nimejiumbua. Sikusukumwa na mtu. Nilitoka nyumbani kwa miguu yangu, nikapanda mpaka kwa kanisa la Wakatoliki, nikajiumbua mbele ya padre, kwaya, mbuzi za watu na nusu ya Mutomo. (Nusu nyingine imeshaambiwa.)

Nawaandikia nyinyi wenzangu wa Nunguni kwa sababu mko mbali na hamwezi kuniona usoni. Mkimaliza kusoma chomeni. Baba yangu asisikie hata kidogo.

Mnajua nimeolewa na Mkatoliki. Mnajua pia jinsi baba, ambaye ni mzee wa kanisa letu, alivyokasirika, mpaka mimi na mchumba wangu tukafanya makubaliano ya kumtuliza: kila mtu na kanisa lake, na mambo ya kanisa yaishie mlangoni. Mimi sitamhubiria aokoke, yeye hataniletea rozari mezani. Tumeishi hivyo miaka yote bila kelele. Mimi nina cherehani yangu kwa baraza ya duka, yeye ana karakana yake ya useremala nyuma ya nyumba. Watu wa hapa humwita Fundi. Mimi humwita Baba Mwende. Ni mpole, hapandishi sauti, akipiga msumari ukapinda anaunyoosha taratibu bila kutukana.

Mimi watu wapole siwaamini sana.

Sasa, kwetu Nunguni hakuna Kwaresima. Kwetu ukiokoka umeokoka, Januari mpaka Desemba. Hawa wenzetu wana majira yao. Jumatano ya Majivu mtu anarudi nyumbani na alama nyeusi kwa paji la uso, halafu mpaka Pasaka anajinyima hiki na kile. Nimezoea. Baba Mwende kila mwaka hujinyima sukari kwa chai, na mimi kila mwaka hufurahi kwa sababu sukari inabaki.

Lakini mwaka huu aliacha kunyoa.

Nilimuuliza mapema kabisa, wakati ndevu zilikuwa bado ni vumbi tu. "Wembe umeisha?"

"Upo."

"Basi?"

"Ni Kwaresima," akasema, akaendelea kunywa chai yake chungu.

Nikamwangalia. Miaka yote ya ndoa Kwaresima haijawahi kuingia kwenye ndevu. Mwanamume akibadilisha sura yake ghafla, kuna mtu anamwangalia. Nikaanza kuweka macho.

Na macho yalipata kazi. Kila Ijumaa jioni alitoka. Hiyo si ajabu, najua Ijumaa za Kwaresima wana Njia ya Msalaba, wanazunguka wakiomba. Lakini zamani alikuwa anarudi mapema, amechoka, ananuka ubani. Mwaka huu alikuwa anarudi giza limeingia, ametoka jasho, vumbi kwa magoti, na amefurahi. Niambieni nyinyi, ni sala gani inamtoa mtu jasho na kumfurahisha?

Halafu nikaona bega. Alikuwa anaoga nyuma ya nyumba, nikampelekea maji ya moto, nikaona bega la kulia limechubuka. Jekundu.

"Hiyo ni nini?"

"Mbao," akasema, akavuta taulo haraka.

Mbao. Mtu amebeba mbao tangu akiwa kijana, bega limekuwa gumu kuliko kwato, leo mbao zimejifunza kuchubua. Nilirudi jikoni nikakaa na isyo zangu, mahindi na maharagwe, zinachemka, nikaona wazi kwamba nafanywa mjinga.

Kitu kilichonimaliza kilitokea wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Nilikuwa naanua nguo karibu na karakana. Ukuta wa karakana ni mbao zenye nafasi, mtu akikohoa ndani unajua ni nani. Nikasikia Baba Mwende anaongea na katekista, yule mwalimu wa dini wao, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamuru hata akiomba maji.

"Veronika akikuja, wewe simama tu," katekista alisema. "Usimkatalie. Wacha akupanguze uso pole pole."

"Nitasikia haya," mume wangu akasema.

"Haya ya nini? Usicheke, na usiongee na yeye. Watu wataangalia."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa wewe utaleta. Nyeupe. Mzuri, si matambara."

Nguo zikaanguka chini. Wenzangu, mimi Biblia naijua. Nilishinda mashindano ya mistari nikiwa mdogo, mnakumbuka. Namjua Rahabu, namjua Delila, namjua mke wa Potifa. Veronika simjui. Hayumo. Kwa hivyo huyu Veronika, nikaona, ni wa hapa hapa Mutomo. Na katekista ndiye anayewapanga!

Kesho yake Baba Mwende akaja kwa cherehani yangu. Kwangu mimi, mkewe. Ameshika kipande cha kitambaa cheupe.

"Mama Mwende, nishonee hii pindo."

"Ya nini?"

"Ni ya kazi."

Nikashona. Nilishona vizuri, hata nikaweka uzi wa bluu pembeni, kwa sababu nilitaka kukitambua nikikiona tena. Nilikanyaga ile cherehani kwa hasira mpaka mwenye duka akatoka kuangalia kama imeharibika.

Mtu wa kawaida angemuuliza mumewe waziwazi. Lakini ningemuuliza, angesema "ni mambo ya kanisa," na mambo ya kanisa tuliyaacha mlangoni. Wazo la makubaliano lilikuwa langu mimi. Sasa nikaona jinsi yalivyo mazuri kwa mtu mwenye kitu cha kuficha.

Ijumaa iliyofuata alichelewa zaidi. Nikatoka kumtafuta, nikakutana na Mbithi, mwenye bucha. Naye ni Mkatoliki, na Kwaresima bucha yake hulala njaa, kwa hivyo jioni ana nafasi.

"Fundi umemwona?" nikamuuliza.

"Fundi? Tumeacha yeye kwa Veronika," akasema, bila aibu yoyote. "Anarudia. Leo ameanguka vizuri sana, mpaka katekista amefurahi."

"Ameanguka?"

"Mara tatu. Ya pili ndiyo ilikuwa mzuri, hapo mbele ya Veronika tu. Na wewe utakuja Ijumaa Kuu? Simama kituo cha sita, hapo ndiyo utaona Veronika mzuri."

Akaenda zake anapiga mluzi. Mimi nikabaki barabarani. Mume wangu ambaye haonji pombe sasa anaanguka mara tatu, mbele ya mwanamke, na watu wanafurahi. Na hicho kituo cha sita ni kipi? Mutomo ina steji moja tu, na hiyo yenyewe ukikosa basi la asubuhi umekosa.

Niwaambie ukweli, usingizi ulinipotea wiki hii yote. Nilikuwa nakasirika mchana, na nikiwa peke yangu naogopa. Nampenda huyu mtu. Nilimkatalia baba yangu kwa ajili yake. Nilisema moyoni: nikimkuta na huyo Veronika, namchukua Mwende na cherehani yangu, narudi Nunguni, na baba atanikaribisha kwa maneno aliyoyaweka tayari tangu harusi. Nilikuwa nimeamua kabisa.

Basi leo Ijumaa Kuu. Baba Mwende aliondoka alfajiri bila chai. "Nimefunga," akasema. Mimi nilitakiwa kwenda ibada kwetu. Nilimtumia mchungaji ujumbe kwamba naumwa na tumbo. (Ndiyo, nilidanganya Ijumaa Kuu. Endeleeni kusoma, hiyo ni ndogo.) Nikamwacha Mwende kwa jirani, nikavaa lile gauni la kijani ya harusi ya dada yangu na viatu vya kisigino. Huwezi kwenda kumfumania mtu na leso ya jikoni.

Njiani nikampata mama mzee mwenye akala za tairi miguuni na rozari mkononi, anapanda polepole. Nikamsalimia kwa heshima, nikamuuliza kwa Veronika ni wapi.

"Kituo cha sita? Ni huko juu, karibu na tangi ya maji," akanionyesha kwa kidole. "Lakini wewe kimbia mwanangu, utakuta watu wamejaa."

"Wamejaa?"

"Mpaka wa Ikutha wamekuja na lori."

Kumbe aibu yangu imepakiwa lori kutoka Ikutha. Nikavua viatu, nikakimbia.

Hapo juu watu walikuwa wengi kweli, wamesimama kimya, wanawake wamejifunga vitambaa kichwani, wanaume wameshika kofia. Nikapenya nyuma. Wanakwaya walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini ya matanga. Na katikati ya watu nikamwona Baba Mwende.

Mngekuwepo nyinyi mngeelewa mara moja. Mtoto wa nasari angeelewa. Mume wangu alikuwa amevaa kanzu nyekundu, kichwani ana taji la miiba ya mgunga, usoni amepakwa rangi nyekundu, na kwenye lile bega lililochubuka amebeba msalaba wa boriti mbili. Kando yake Mbithi wa bucha amevaa sketi ya gunia na ameshika mkuki. Kila kitu kilikuwa wazi. Mimi sikuona msalaba. Sikuona miiba. Naapa mbele yenu, hata Mbithi na sketi yake sikumwona.

Nilimwona mwanamke. Mrefu, amejifunika shuka jeusi kutoka kichwani, amenipa mgongo. Anamkaribia mume wangu. Mume wangu amesimama tu, hamkatalii, kama alivyofundishwa. Na mkononi mwa yule mwanamke, kitambaa cheupe, pindo la bluu.

Katekista akapaza sauti kwa kile kipaza sauti cha betri: "Kituo cha sita. Veronika anampangusa Yesu uso."

Maneno yalikuwa sita au saba. Mimi nilisikia moja.

Sijui niliwapitaje watu. Nilijikuta katikati, viatu mkono mmoja.

"Veronika ni wewe?" nikauliza.

Yule mwanamke hakugeuka. Aliendelea kupangusa.

"Nimekuuliza! Veronika ni wewe?"

Nyuma yangu nikasikia mama mmoja anamnong'onezea mwenzake, "Mwaka huu wameongeza."

"Mama Mwende," Baba Mwende akasema kwa meno, bila kufungua mdomo, "enda nyumbani."

"Ulinyamaza Kwaresima yote, leo ndiyo unaongea?" Nikashika kile kitambaa. "Hii kitambaa nimeshona mimi! Na mikono yangu! Ulete hapa."

Mwanamke akakataa kukiachia. Ana nguvu. Nikavuta, akavuta. Watu wakasogea waone vizuri. Mbithi akashusha mkuki, hakujua mahali hapo askari wa Kirumi anafanya nini. Nikatupa viatu, nikashika lile shuka jeusi kwa mkono wa pili, nikavuta vyote viwili kwa mara moja. Shuka likatoka. Kitambaa kikaachiwa. Mimi nikarudi nyuma kwa kasi, nikamgonga Baba Mwende kifuani, na Baba Mwende, msalaba, taji na kila kitu kikaenda chini kwa kishindo.

Nikainua macho nimwone huyo Veronika.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Mwaitu. Mama yake Baba Mwende, mjane wa kule Kibwea, mwanamke ambaye hata nikimpa chai napiga goti kidogo. Amesimama kichwa wazi, nywele zake nyeupe zinaonekana na Mutomo nzima, ananiangalia.

Halafu katekista, ambaye nimeanza kuamini ni mtu hatari, akafungua ukurasa na kusema kwa utulivu kabisa: "Kituo cha saba. Yesu anaanguka mara ya pili."

Watu wote wakapiga magoti. Wote, pamoja na Mbithi. Nikabaki mimi peke yangu nimesimama, gauni la kijani, mkono mmoja kitambaa, mkono mwingine shuka la mama mkwe.

Gauni langu likavutwa kutoka chini. "Piga magoti," Mwaitu akanong'ona.

"Mwaitu, ni wewe?"

"Mimi ni Veronika. Piga magoti, watu wanaangalia."

Nikapiga. Binti wa mzee wa kanisa, amepiga magoti kwenye kituo cha Wakatoliki, viatu havijulikani viko wapi. Na hapo ndipo machozi yakaja. Sikulia kwa adabu. Nililia kama mtu aliyefiwa, kwa aibu, na kwa sababu hapakuwa na mwanamke mwingine, na wiki nzima sikuwa nimelala.

Sasa, mimi sikujua kwamba kituo cha nane ni Yesu anakutana na wanawake wanaolia. Walikuwepo wanawake walioandaliwa, wamepangwa upande wa pili wa njia, wamejitayarisha kulia tangu Jumatano ya Majivu. Hakuna aliyewaangalia. Baba Mwende aliinuka, akajitwika msalaba begani, akatembea na mchubuko mpya kwa paji la uso, akasimama mbele yangu mimi. Yale maneno ya Yesu kwa wanawake wa Yerusalemu mnayajua, yako kwa Luka. Akayasema yote, polepole, ananiangalia machoni: nisimlilie yeye, nijililie mwenyewe.

Watu waliguswa sana. Kuna mzee alitoa leso. Wote walijua ni Maandiko. Mimi peke yangu nilijua ni yangu.

"Songa kidogo, bibi ya Fundi," Mbithi akaninong'onezea, ananigusa na mkuki pole pole. "Tupite."

Msafara ukaendelea bila mimi. Mwaitu hakuufuata. Alinikalisha kando ya tangi la maji, akachukua shuka lake, akajifunga, akakaa karibu nami. Nilitamani anipige.

"Ulifikiri mimi ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, ndevu, bega, Veronika. Akasikiliza mpaka mwisho, uso umekauka.

"Unajua kwa nini walinichukua mimi?" akasema. "Wasichana walikataa. Wale wameolewa, mabwana wao walikataa, ati bibi yangu hawezi kupanguza mwanaume mwingine uso mbele ya watu. Katekista akasema, basi tuchukue mama yake mwenyewe. Hapo hakuna mtu atafikiria vibaya."

Nikafunika uso na kile kitambaa.

"Lakini Mwaitu, si ungekuwa Maria? Si wewe ndiye mama?"

"Maria ni mwenyekiti ya kina mama," akasema kwa uchungu ambao haukunihusu hata kidogo. "Kila mwaka ni yeye. Hata ukiwa umezaa huyo mtu mwenyewe, hupati."

Kule juu walikuwa wamefika kituo kingine, kwaya inaimba. Halafu Mwaitu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Mimi miaka hii yote nilikuwa nafikiri hupendi mtoto wangu. Unakaa na yeye kama mtu amepanga chumba. Kanisa yake hutaki kujua, mambo yake hutaki kuuliza. Leo umenivuta shuka na nguvu yako yote." Akaangalia mahali shuka lilipochanika. "Sasa najua. Hii utanishonea."

Sikujua nicheke au nilie, basi nikafanya yote mawili, na Mwaitu akanishika mkono mpaka nikatulia.

Baba Mwende amerudi jioni hii, rangi imetoka, paji la uso limevimba. Nimemkalisha, nimemkanda kwa maji ya chumvi.

"Ulinifikiria hivyo kweli?" akaniuliza.

"Hukuniambia."

"Si ulisema mambo ya kanisa yaishie mlangoni?"

"Nilisema dini. Sikusema Veronika."

Hapo akacheka. Alijaribu kujizuia, akashika mbavu, akacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka pamoja naye, nikiwa bado nimeshika kitambaa cha maji ya chumvi. Nimemwambia makubaliano yale yamekwisha. Kuanzia leo ataniambia kila kitu, hata kama ni cha kanisa.

Akasema sawa. Akafikiri kidogo, kama mtu anayetaka kuanza vizuri.

"Basi nikuambie. Jumapili alfajiri lazima niende tena. Ndiyo nafufuka."

"Na nani?"

"Niko bustanini. Maria Magdalena anakuja kunitafuta."

"Na watu wengine?"

"Hapana. Anakuja peke yake."

Msinicheke, wenzangu. Magdalena wa Biblia namjua tangu shule ya Jumapili na sina neno naye. Nataka tu kujua huyu wa Mutomo ni mke wa nani.